Chekiraidi ya PPL Marekani: ndege ni yako, mzee wa kulia ni abiria tu

Meseji ninayoipata sana kutoka kwa madogo wanaosomea urubani huku Marekani ni hii: "kaka nina chekiraidi wiki ijayo, nisome nini?" Ukimuuliza umesoma nini mpaka sasa anakurushia picha ya meza, kadi za maswali zimepangwa kama karata za wazee wa barazani, vitabu vimepakwa rangi ya njano kila mstari. Dogo anajua vitu vingi kweli. Ila mpigie simu umwambie "haya, kesho nipeleke Abilene kule Texas na mizigo yangu, tunaondoka saa ngapi na kwa nini saa hiyo", kimya. Anaanza kutafuta jibu liko kadi ya ngapi.

Sasa ngoja nilifumue hili jambo, maana watu wanalibeba kama mitihani ishirini wakati ni safari moja tu.

Chekiraidi ndio mtihani wa mwisho wa leseni ya rubani binafsi, yani PPL. Kabla yake kuna ule wa kompyuta, maswali 60, unatakiwa upate asilimia 70, na matokeo yake yanaishi miezi 24. Alafu kuna masaa ya kuruka, kwa njia ya kawaida sheria inataka yasipungue 40, ndani yake 20 na instrakta na 10 peke yako, ila usijipe presha na hiyo 40, mimi nilienda na 63. Ukifika hapo instrakta anakusainia kwamba uko tayari, unajaza fomu ya mtandaoni inaitwa IACRA, unatafuta mtahini. Mtahini mwenyewe, wenyewe wanamwita DPE, mara nyingi sio mwajiriwa wa FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), ni rubani mzoefu aliyepewa idhini na FAA, bei anapanga yeye na unamlipa wewe, na ukianguka usitegemee hela yako kurudi. Kwa sisi wageni kuna hatua nyingine kabla hata hujagusa usukani, kibali cha TSA, shirika lao la usalama wa usafiri, kilikuja baada ya mambo ya Septemba 2001, bila hicho shule haiwezi kuanza kukufundisha, lakini kama umefika hatua ya chekiraidi hiyo ulishaivuka zamani.

Siku yenyewe ina vipande viwili, mdomo mezani, alafu ndege. Mtahini ni yule yule.

Maswali yake hayatoki kichwani. Kuna hati ya FAA inaitwa ACS, ilianza kutumika 2016, toleo la sasa likaanza Mei 2024, iko bure mtandaoni na mtahini haruhusiwi kutoka nje yake. Yani mtihani umeshavuja kihalali kabisa, na bado kuna mtu anaenda kwenye chekiraidi hajawahi kuifungua! Kila kipengele mle ndani kina sehemu tatu: unachotakiwa kujua, hatari unazotakiwa kuziona na kuzipangia, na unachotakiwa kufanya kwa mikono. Ndio maana karatasi yako ya matokeo ya kompyuta ina vikodi vya ajabu kama PA.I.C.K2. Watu wanaviogopa ila ukivikata vinasomeka tu, PA ni rubani binafsi wa ndege, I ni sura ya kwanza ambayo ni maandalizi kabla ya kuruka, C ni hali ya hewa, K ni upande wa kujua, 2 ni mstari wa pili. Kila kodi iliyoko pale ni swali ulilokosa, na mtahini atakuuliza eneo hilo hilo, na instrakta wako lazima awe ameshakusainia kwamba mmelirudia. Kwa hiyo hapo ndio pa kuanzia kusoma, maana maswali yako ya kwanza unayo mkononi tayari.

Makaratasi nayapitia haraka japo yanaua watu. Kitambulisho chenye picha, cheti cha mwanafunzi, medikali yani cheti cha afya, matokeo ya kompyuta, logibuku (daftari la masaa yako ya kuruka) yenye sahihi zote, vitabu vya matengenezo vya ndege. Kaa na instrakta siku tatu kabla mhesabu masaa kwa kidole, mstari kwa mstari. Angalieni hasa ile safari ndefu ya peke yako, jumla maili 150 za baharini, kutua na kusimama viwanja vitatu na kipande kimoja kizidi maili 50 kwa mstari ulionyooka, na zile kutua kumi za usiku, na yale masaa matatu ya maandalizi ambayo lazima yawe ndani ya miezi miwili ya kalenda kabla ya mwezi wa mtihani. Mtu anarudishwa nyumbani asubuhi kwa sababu kipande chake kilikuwa na maili 48. Hapo hata injini haijawashwa.

Sasa tuingie kwenye safari.

Siku moja au mbili kabla, mtahini anakupa pa kwenda na mzigo wa kubeba. Mimi nilipewa kutoka Denton, kaskazini ya Dallas, kwenda Abilene, kama maili 134 za baharini kuelekea magharibi. Ukishapewa hiyo safari, umepewa mtihani mzima wa mdomo. Kila swali litaning'inia humo. Kwa nini umechagua futi 6,500 na sio 5,500? Kwa sababu unaelekea magharibi, na ukiruka kwa macho juu ya futi 3,000 kutoka ardhini magharibi ni elfu za shufwa jumlisha 500. Hili duara la buluu la Dallas ni anga gani na unaingiaje? Ni daraja B, unaingia ukiambiwa kwa maneno kwamba umeruhusiwa kuingia, kusikia tu mwongozaji wa ndege anakuita jina la ndege yako haitoshi. Na Abilene? Daraja C, pale kuita na kuitikiwa kwa jina la ndege kunatosha. Hili ziwa la Possum Kingdom umelichagua la nini? Kwa sababu liko karibu na mstari wako, lina umbo la nyoka aliyejikunja na hulichanganyi na lingine. Unaona? Hamna kadi hapo, kuna mtu anakusindikiza safarini anauliza hiki nini, na hiki kwa nini.

Swali lililonifanya nielewe huu mtihani lilikuwa la uzito. Ntalieleza kirefu maana lina kila kitu.

Ndege ni Cessna 172S. Ile niliyopeleka, ikiwa tupu, tuseme pauni 1,680, na kitabu kinasema isizidi 2,550. Mzee, yani mtahini, akaniambia, "umeshapata leseni, jumamosi shangazi yako anakuja na watoto wake wawili wakubwa, kila mmoja pauni 190, wewe pia 190, mnaenda Abilene harusini." Mimi mbio nikajibu sawa, viti viko vinne. Akanyamaza tu akanisogezea kalamu.

Haya tupige hesabu. Mafuta yanayotumika matenki yakijaa ni galoni 53, kila galoni pauni 6, hiyo 318. Jumlisha na 1,680 unapata 1,998, zimebaki 552 za watu. Sisi wanne ni 760. Tumezidi 208, na bado hatujaweka hata begi moja, na shangazi gani anaenda harusini bila begi. Basi nikasema nitapunguza mafuta. Vizuri, kwa kiasi gani? 2,550 toa 1,680 toa 760 inabaki 110, gawanya kwa 6, galoni 18 na kidogo. Zinatosha? Upepo wa mbele ukifanya spidi yako juu ya ardhi iwe noti 107 (noti ni maili ya baharini kwa saa), maili 134 ni saa moja na robo, kwa galoni 9 kwa saa ni kama 11 na robo. Weka 2 za kuwasha, kutembea chini na kupanda, 13 na robo. Sheria inataka ufike na akiba ya dakika 30 mchana, hiyo 4 na nusu. Jumla 17 na robo tatu.

Inatosha! Nikatabasamu. Imebaki kama nusu galoni, yani lita mbili hivi, chupa ya maji ya kunywa. Mzee akauliza, "na upepo ukiongezeka noti 15?" Spidi inashuka 92, safari inakuwa karibu saa moja na nusu, galoni 13 na kitu peke yake, akiba imeliwa. "Na bibi harusi akichelewa mkaanza kurudi usiku?" Usiku akiba ni dakika 45. Akaniacha hapo. Jibu alilokuwa analitaka halikuwa namba, alitaka nimwambie shangazi kwamba mmoja wenu apande basi, au tutue njiani tujaze, au twende awamu mbili. Yani nimwambie mtu mzima hapana.

Na alafu akaongeza la mwisho, shangazi amefurahi anataka alipie mafuta yote kama asante. Kwa nyumbani kukataa hiyo ni kumkosea adabu. Kwa sheria ya PPL ni kosa, lazima ulipe sehemu yako isiyopungua mgawo sawa wa gharama za mafuta, oili, ada za uwanja na kukodi ndege, mko wanne basi robo yako inatoka mfukoni kwako. Swali moja la harusi limegusa uzito, mafuta, upepo, usiku, mipaka ya leseni na ujasiri wa kukataa, na zile kadi mia tatu haziko hivyo, kule kila kitu kiko peke yake.

Kuhusu kama ndege inaruhusiwa kuruka leo, mtego ni ule ule. Usiishie kukariri. Fungua vitabu vya matengenezo kabla ya siku, bandika karatasi ndogo kwenye kila ukurasa unaouhitaji, ukaguzi wa mwaka ndani ya miezi 12 ya kalenda, wa masaa 100 kama ndege inakodishwa pamoja na mwalimu wake, transponda (kifaa kinachojibu rada) miezi 24, kile kifaa cha kupiga kelele ndege ikianguka miezi 12. Alafu atakuletea kitu kilichoharibika. Kwangu alisema taa ya kutua imeungua. Mchana hamna shida, na hata usiku, kama ni safari yako binafsi isiyo ya biashara, sheria yenyewe haiidai taa hiyo, lakini bado unapitia orodha ya vifaa vya ndege yako, unaizima, unaweka kibandiko kwamba haifanyi kazi, na unajiuliza kama we mwenyewe unataka kutua gizani bila taa. Akabadilisha, geji ya mafuta ya tenki la kushoto haisomi. Hapo hapana, geji ya kila tenki inatakiwa. "Lakini umepima kwa kijiti na umeona mafuta yapo." Bado hapana. Usibishane na huyo mtego, sheria haikuuliza kama umeona.

Kingine kizuri, mtihani wa mdomo sio wa kufumba macho. Kitabu cha sheria, kitabu cha ndege, ramani, vyote viko mezani na unaruhusiwa kufungua, alimradi sio kila swali. Kusema "sikumbuki kwa kichwa ila najua ilipo, ngoja nikuonyeshe" ni jibu. Kubahatisha ndio kunakuchoma, maana mtahini akishaona unabahatisha anachimba hapo hapo. Na jibu ulichoulizwa, ukomee hapo. Sisi tuna tabia ya kuulizwa saa ukaeleza ilivyotengenezwa, na kila sentensi ya ziada unampa mzee mlango mpya wa kuingilia. Mi niliulizwa kabureta ikiganda barafu nifanye nini, nikaanza kumwaga maelezo, unyevu, nyuzi joto, sijui nini, kumbe 172S haina kabureta kabisa, inapulizia mafuta moja kwa moja kwenye injini. Alicheka. Mi nilitoka jasho.

Hali ya hewa sitakaa sana, jifunze kusoma ripoti kwa sauti kwa Kiswahili kwanza, upepo unatoka digrii 200 noti 18 unapiga hadi 26, mwonekano maili 10, mawingu ya hapa na pale futi 4,500, ukiisha tamka kwa Kiingereza. Ila joto na uwanja ulioinuka naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu tutarudi kurukia nyumbani. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa linashika hewa kidogo, pangaboi linasukuma hewa kidogo, injini inapumua kidogo, kwa hiyo ndege inajiona iko juu zaidi ya ilipo. Hesabu ya haraka: joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15, linashuka 2 kila futi 1,000, na kila nyuzi moja inayozidi hapo unaongeza futi 120. Abilene iko karibu futi 1,800, kawaida yake ni kama nyuzi 11, siku ya nyuzi 38 imezidi 27, mara 120 ni futi 3,200 na kitu, ndege inajiona iko futi 5,000. Sasa ipeleke Wilson pale Nairobi, zaidi ya futi 5,500, kawaida yake ni nyuzi 4, mchana wa nyuzi 26 umezidi 22, ongeza 2,640, ndege inajiona iko juu ya futi 8,100 na bado iko chini inasubiri kuruka! Aliyezoea kuruka Dar au Mombasa karibu na bahari akifika pale atashangaa ranwei inaisha na ndege inasitasita. Nilimpa mtahini mfano huu wa Wilson akaacha kuandika akaniangalia, akasema endelea na lingine.

Kuna kitu hakuna kitabu kitakuambia, na sisi tuliolelewa kwa shikamoo kinatugharimu. Kisheria siku ile kapteni ni wewe. Mtahini kwenye kiti cha kulia ni mtu wa kuangalia, sio rubani msimamizi, kwa hiyo wewe ndio unampa maelezo ya mkanda, mlango unafunguka vipi, kifaa cha kuzima moto kiko wapi, na ukiwa unaondoka au unatua hakuna stori. Yeye atakuchokoza kwa makusudi, ataangusha kalamu, atakupigia soga katikati ya kutua, maana ile hati ya ACS yenyewe inamtaka akuone ukisumbuliwa. Wa kwetu anasikia mzee wa miaka 70 anaongea, anaona kumkatiza ni utovu wa nidhamu, anageuka amjibu kwa heshima, na futi 100 zimeshapotea. Jizoeze sentensi moja ya kiungwana: samahani mzee, nisubirie kidogo, nashughulika na ndege. Fanya mazoezi na mtu mkubwa kabisa, sio na rafiki yako wa rika.

Angani mpangilio kwa kawaida unafuata safari ile ile. Unaruka, unashika uelekeo wa Abilene kweli kweli, unapita alama moja au mbili, unapiga saa. Alafu anakuambia mbele kuna mvua ya radi, nipeleke kwingine, hapo unachagua uwanja, unatoa uelekeo, umbali, dakika na mafuta, kwa makadirio tu, kwangu ilikuwa Mineral Wells. Geuka kwanza kuelekea huko, hesabu baadae. Anakuvalisha miwani ya kuziba uruke kwa kuangalia geji za ndani tu na akuvuruge mkao wa ndege uurudishe sawa. Kona kali za digrii 45, kuruka polepole, stoli (bawa kushindwa kuibeba ndege) gesi ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa, kuzunguka kitu cha ardhini kwenye upepo, na wakati usiotarajia anavuta gesi, "injini imekufa". Hapo ni spidi kwanza, noti 68 kwenye 172S, kisha chagua shamba, kisha cheklisti, kisha redio ukiwa na muda, na ukiwa umeshachagua shamba usihamehame. Ndege hiyo bila injini inasafiri kama maili moja na nusu ya baharini kwa kila futi 1,000, kwa hiyo shamba zuri lililoko upeo wa macho sio lako.

Vipimo watu wanavitisha kuliko vilivyo. Kona kali ni futi 100 juu au chini, noti 10, mwinamo digrii 5, kutoka kwenye uelekeo ndani ya digrii 10. Kurudi kwenye stoli kuwe kumekwisha usipungue futi 1,500 kutoka ardhini. Kutua kwa uwanja mfupi ni kugusa ndani ya futi 200 kupita alama uliyoitaja, kamwe kabla yake. Ukivuka futi 100 mara moja ukaona mwenyewe ukarekebisha hujaanguka. Kinachokuangusha ni kuvuka na kubaki huko, au kuvuka tena na tena, au kutoangalia nje kama kuna ndege nyingine, au kutojali hatari iliyo mbele yako, au kumlazimisha mtahini ashike usukani. Kwa hiyo sema kwa sauti. "Nimepanda futi 80, narudisha." Mtahini hasomi mawazo, akisikia umeona anatulia.

Mimi nilianguka mara ya kwanza. Kila kitu kilikuwa kimepita, mdomo umepita, Mineral Wells imepita, shamba la dharura limepita, imebaki kutua tu, na kichwani nilishaanza kupiga picha ya kuweka status. Uwanja mfupi, nikamtajia alama, mwanzo wa ile mistari minene iliyochorwa kama futi 1,000 ndani ya ranwei. Kitabu kinasema noti 61, mimi nilikuwa na 70 na nikaiona kabisa 70, na nikanyamaza. Ndege yenye spidi ya ziada haikai chini, inaelea, ikaelea, alama ikapita chini ya pua, ikaelea tena. Mkono wangu ulikuwa kwenye gesi. Ningesukuma tu nikasema naghairi, tunazunguka tena, mtahini angeandika kwamba huyu ana akili, maana kughairi kwa wakati ni uamuzi mzuri na kwenyewe kumo kwenye mtihani. Badala yake nikailazimisha ikae. Ikagusa mbali sana na alama yangu, nikakanyaga breki mpaka tairi zikalia. Mzee hakusema kitu mpaka tulipozima injini. "Uliona ile spidi?" Nikasema ndio mzee. "Sasa nani alikuwa kapteni?"

Siku hiyo inaweza kuisha kwa njia tatu. Ukipita anakuchapia leseni ya muda, inakaa siku 120 wakati ya plastiki inakuja kwa posta. Ukianguka unapewa karatasi inayotaja ulichoangukia, unarudi kwa instrakta mnafanyia kazi hicho, anakusainia upya, na ukirudi ndani ya siku 60 vile ulivyopita vinabaki vimepita, japo mtahini akitaka anaweza kukuuliza chochote tena. Ya tatu watu wengi hawaijui: upepo ukichafuka, ndege ikagoma, au ukaumwa katikati, mnasitisha, unapewa barua, sio kufeli, siku 60 hizo hizo. Na ombi la kusitisha linaweza kutoka kwako. Kama asubuhi unaona upepo wa pembeni umezidi uwezo wako, sema mezani tutafanya mdomo leo na kuruka siku nyingine, hiyo peke yake imeshajibu maswali matano.

Nilirudi baada ya siku kumi na moja, tulizunguka uwanja tu. Mara ya kwanza nikawa na 66, alama inakuja, nikasema "naghairi", nikasukuma gesi yote, nikapanda. Mzee anaangalia dirishani kama abiria wa daladala. Mara ya pili noti 61, upepo umetulia, tairi zikagusa ng'ambo kidogo ya mistari. Akaniambia geuza turudi, anataka kahawa, na huku tunatembea chini akaniuliza shangazi alienda harusini kwa basi au vipi.